Kiti cha Pikipiki ya Safari: Kikalie Kwanza, Kishonwe Baadaye

Pikipiki kubwa ya safari ikitunzwa vizuri huishi miaka mingi. Injini inafanyiwa sevisi, tairi zinabadilishwa, breki zinawekwa pedi mpya. Kuna kitu kimoja tu ambacho wengi husahau mpaka kianze kuuma, nacho ni kiti.

Chukua mfano wa BMW R 1150 GS, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2004. Hata ile ya mwisho kutoka kiwandani sasa imepita miaka 20. Kama sponji yake ni ile ya kwanza, basi imebeba watu, jua na mvua kwa muda huo wote. Tanki lake la lita 22 linaweza kukutoa Nairobi na kukufikisha Voi bila kuongeza mafuta, lakini makalio yako yalianza kuomba kupumzika tangu Emali. Hapo ndipo mtu anaamua: kiti hiki lazima kitengenezwe.

Unaweza kujiuliza, sasa kampuni ya malipo inatafuta nini kwenye mambo ya sponji na reksini? Jibu ni rahisi. Kiti ni kazi ya oda. Pesa inaanza kutoka kwa simu yako kabla hujaona chochote, na kazi ikiisha, sehemu iliyo muhimu zaidi imefichwa ndani ya kitambaa. Fundi akiweka sponji ya nguvu au akiweka kipande cha godoro kuukuu, kwa nje viti vyote viwili vinang'aa sawasawa. Tofauti utaijua ukishafika kilomita ya 200, na wakati huo pesa ilishaenda.

Kwa hivyo leo tunaongea mambo mawili kwa pamoja: jinsi kiti kinavyotengenezwa, na jinsi ya kulipa ili pesa yako ifuate kazi, isiitangulie. Ukifuatilia, utaona hata fundi anafaidika.

Anza kwa kujua kilichoharibika

Usikimbilie kwa fundi ukiwa na sentensi moja tu, "nataka kiti kipya." Toa kiti kwenye pikipiki, kigeuze, ukikague mwenyewe. Inachukua dakika 10.

Kwanza, kipime kwa mkono. Kama ni kizito kuliko ulivyozoea, au kikisimamishwa kwa upande kinatoa matone, maji yameingia kwenye sponji. Mara nyingi yanapitia kwa mshono au kwa ufa mdogo usioonekana. Sponji iliyokaa na maji kwa muda mrefu huoza, hunuka, na haiwezi kurudi vile ilikuwa hata ukiianika wiki nzima.

Pili, bonyeza kwa kidole gumba pale unapokalia, kisha bonyeza ukingoni ambapo hakuna mtu hukalia. Kama ukingoni kunarudi haraka na katikati kunabaki na shimo au kidole kinagusa plastiki ya chini, sponji imechoka.

Tatu, angalia plastiki yenyewe. Tafuta nyufa, hasa karibu na pale kiti kinapojifunga. Angalia kama zile raba ndogo za chini bado zipo, kwa sababu ndizo zinazuia kiti kucheza na kugonga fremu. Angalia pini za stepla kama zimeshika kutu.

Baada ya hapo utajua uko wapi. Kama sponji iko sawa na ni kitambaa tu kimepasuka, unahitaji kushonewa kava pekee. Kama sponji imelala, kazi ni kubwa zaidi. Kama plastiki imevunjika vibaya, pengine ni bora utafute kiti kingine kabisa. Hizi ni bei tatu tofauti, na fundi akikuambia bei moja kabla ya kufungua kiti, anabahatisha.

Kununua kingine au kutengeneza hiki?

Kuna kampuni za nje zinazotengeneza viti vya safari ndefu, kwa mfano Corbin na Sargent za Marekani. Ni viti vya sifa. Lakini kabla hujabonyeza kitufe cha kununua, piga hesabu yote: bei ya kiti, usafirishaji, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16. Kiti ni kitu kikubwa kwa umbo, na mizigo ya ndege huangalia ukubwa pia, si uzito peke yake. Wengi hushangazwa na gharama ya kukifikisha kuliko bei ya kiti chenyewe.

Njia ya pili ni kiti cha mitumba, ambacho mtu ametoa kwenye pikipiki yake au amekitangaza mtandaoni. Hapa omba picha mbili: moja ya juu, na nyingine ya chini inayoonyesha plastiki na sehemu za kufungia. Muuzaji akituma picha ya juu tu, au akikuambia "tuma pesa kwanza kuna watu watatu wanakitaka," tulia. Kiti kizuri hakitakosa kukusubiri hadi jioni. Ikiwezekana, lipa ukikiona.

Njia ya tatu ndiyo Wakenya wengi huchagua: kutengeneza kile ulicho nacho. Na hapa tuna bahati. Nchi hii ina mafundi wa viti kila mahali, kwa sababu ya matatu na boda boda. Jijini Nairobi utawapata Kariobangi Light Industries na maeneo ya Barabara ya Kirinyaga, ile watu wa spea bado huita Grogan. Fundi aliyezoea viti vya matatu anajua reksini kama mkono wake.

Ila kumbuka jambo moja. Kiti cha boda ni kirefu na tambarare, kimeundwa kubeba watu wengi kwa safari fupi. Kiti cha pikipiki ya safari kina mabonde na mabega, na kinabeba mtu mmoja kwa masaa 8. Kabla ya kuongea bei, mwambie fundi akuonyeshe kazi ya aina hiyo aliyowahi kufanya. Picha kwenye simu yake inatosha kuanza mazungumzo.

Laini si sawa na starehe

Kosa la kawaida ni kumwambia fundi "niwekee sponji laini." Dukani ukiibonyeza kwa mkono unaona raha. Lakini ukikaa juu yake, uzito wako wote unashuka kwenye mifupa miwili ya kukalia. Sponji laini inalala, mifupa inafika kwenye plastiki, na baada ya saa moja ni kama umekalia ubao.

Sponji ya safari inafaa iwe ngumu kiasi, ikupokee bila kulala kabisa. Mafundi wazuri hupanga tabaka mbili. Chini wanaweka ile ya vipande vilivyogandishwa pamoja, yenye rangi rangi, ambayo ni ngumu na haichoki haraka. Juu wanaweka nyembamba iliyo laini zaidi. Usiridhike na jina la "haidensiti" lililoandikwa dukani. Ishike, ibonyeze, ulinganishe na nyingine.

Halafu kuna umbo. Kiti kinachoteremka kuelekea tanki kitakusukuma mbele kila ukipiga breki. Kiti kipana upande wa nyuma hutawanya uzito vizuri, lakini kikiwa kipana pia mbele, miguu inatanuka na hufiki chini. R 1150 GS ina kiti cha mbele kinachoweza kuwekwa kwa urefu wa milimita 840 au 860. Ukiongeza inchi moja ya sponji, umeongeza kama milimita 25, zaidi ya tofauti ya hizo nafasi mbili. Kama tayari unagusa chini kwa vidole tu, hiyo inchi itakuangusha kwenye foleni ya Mlolongo siku moja.

Kuhusu jeli, watu huisifu sana. Inasaidia kutawanya uzito, lakini ikiachwa juani hushika joto. Ukiegesha Mtito Andei saa saba mchana, utarudi ukalie jiko. Kama unaitaka, iwekwe chini ya tabaka nyembamba la sponji, isiwe moja kwa moja chini ya kitambaa.

Kalia kabla kishonwe

Kama kuna kitu kimoja tu utabeba kutoka kwa makala hii, kiwe hiki: sponji ikishakatwa na kubandikwa, fundi asiishone bado. Mwambie hivi mapema, siku ya kwanza kabisa:

"Fundi, tukimaliza sponji nikalie kwanza. Ikiwa sawa ndio tunashona."

Fundi anayejua kazi yake atakujibu "sawa bosi" bila shida, kwa sababu anajua kurekebisha sponji iliyo wazi ni kazi ya kisu na msasa. Kurekebisha sponji iliyoshonewa ndani ni kung'oa stepla zote, na mara nyingi kitambaa kinaharibika.

Funika sponji na karatasi ya nailoni, uifunge na tepu, urudishe kiti kwenye pikipiki. Kwanza kaa tu ukiwa umesimama, uguse chini kwa miguu yote miwili. Kisha toka barabarani angalau saa moja. Kuzunguka gereji mara mbili hakutakuambia kitu. Dakika 40 za kwanza kila kiti ni kizuri. Kama unabeba mtu nyuma, mbebe siku hiyo.

Ukirudi, onyesha kwa kidole: hapa kunauma, hapa punguza, hapa inua. Fundi anakata tena. Ikibidi, rudieni mara mbili.

Kwa wale walio mbali, mfano Lodwar au Garissa, na unatuma kiti Nairobi kama kifurushi, makubaliano ni yale yale. Sponji ikiwa tayari, kiti kirudi kwako kikiwa kimefunikwa kwa nailoni. Utalipa usafiri mara mbili zaidi, ndiyo, lakini ni nafuu kuliko kushona mara mbili.

Kitambaa, uzi na maji

Reksini ya sofa na reksini ya gari si kitu kimoja. Ya sofa inakaa sebuleni. Ya pikipiki inakula jua, mvua na msuguano wa suruali kila siku. Uliza dukani kama imetengenezwa kwa matumizi ya nje au ya gari, na uikunje kwa nguvu. Ikionyesha mistari myeupe pale ilipokunjwa, iache.

Uzi uwe wa nailoni au polyesta, si wa pamba. Uzi wa pamba huoza kwa maji na jua, kisha mshono unafunguka huku kitambaa bado kiko sawa. Na mshono wenyewe ukae pembeni, usipite katikati ya mahali unapokalia. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Chini ya kitambaa, fundi aweke tabaka jembamba la nailoni kulinda sponji.

Stepla nazo ziwe fupi kuliko unene wa plastiki ya chini, na zisiwe za kushika kutu. Kama kuna jua, kitambaa kianikwe kidogo kabla ya kuvutwa. Kikipata joto kinalainika na kujivuta bila makunyanzi.

Gawanya pesa kama kazi inavyogawanyika

Sasa tufike kwa simu. Njia ambayo wengi hutumia ni nusu kwa nusu: nusu leo, nusu ukichukua. Inaonekana ya haki, lakini haifuati kazi. Nusu ya kwanza inatoka kabla sponji haijanunuliwa, na nusu ya pili inaombwa wakati kila kitu kimeshafichwa ndani.

Jaribu hivi. Tuseme mmekubaliana 15,000 kwa kazi nzima. Hii ni namba ya mfano tu, bei yako utaongea na fundi wako. Igawanye hivi:

- Sponji na gundi, 3,500: mlipe mwenye duka moja kwa moja kwa namba yake ya Till.
- Kuanza kazi, kufungua na kukata, 2,000: kwa fundi.
- Baada ya kukalia na kuridhika, 3,000: kwa fundi.
- Reksini na uzi, 2,500: kwa duka, baada ya umbo la sponji kukubalika, kwa sababu hapo ndipo kipimo kamili kinajulikana.
- Siku ya kuchukua, baada ya kukagua, 4,000: kwa fundi.

Angalia kinachotokea hapo. Kama mtakosana kwenye hatua ya sponji, umetoa 5,500, sponji ni yako, na 9,500 bado iko kwako. Fundi naye hajafanya kazi ya bure, kwa sababu kila hatua aliyomaliza imelipwa. Na kwa kuwa vifaa umelipia dukani mwenyewe, hakuna mtu atamshuku mwenzake kwamba pesa ya reksini ilinunua chakula.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari unalo mfukoni. Kila malipo yanakuja na ujumbe wenye namba ya muamala, jina, tarehe na kiasi. Usifute hizo SMS mpaka kiti kimalize angalau msimu mmoja wa mvua. Na mkikubaliana bei, mwandikie fundi ujumbe mfupi unaotaja hatua zote, naye ajibu "sawa." Si lazima uwe mkataba wa wakili. Ujumbe na SMS za malipo vikikaa pamoja, ubishi mwingi unaishia hapo.

Mambo ya kuangalia kwenye simu

Soma jina kabla ya kuweka PIN. Mara nyingi Till ya gereji imesajiliwa kwa jina la biashara au la mwenye gereji, si la fundi unayemjua. Hiyo si shida, bora umuulize mapema jina litakalotokea. Ukiona jina tofauti, usiendelee. Kuna wahuni hubandika stika yao yenye namba juu ya ile ya duka, na jina ndilo litakuonyesha.

Elewa maana ya kurudishiwa pesa. Ukituma kwa namba ambayo si uliyokusudia, omba muamala urudishwe mara moja, kabla pesa haijatumika. Lakini kama pesa ilifika kwa mtu sahihi na kazi ikawa mbaya, hilo ni jambo la wewe na fundi. Ombi la kurudisha muamala halikuwekwa kwa ajili ya ugomvi wa kazi. Na kumrudishia mtu nyuma malipo ya kazi aliyofanya si haki. Ndiyo maana tunasisitiza kulipa kwa hatua. Ulinzi wako mkubwa ni ile pesa ambayo bado hujatuma.

Fundi, hii ni yako. Mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, usimpe kiti bado. Angalia ujumbe uliofika kwenye simu yako, kisha thibitisha salio lako. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote, salio haliandikwi.

Usikope kwa sababu ya kiti kama si lazima. Kiti kibovu kinauma, lakini mara nyingi kinaweza kusubiri mwezi mmoja. Ukiweka 250 kila siku kwenye akiba, siku 60 zinakupa ile 15,000 ya mfano wetu. Na kwa kuwa unalipa kwa hatua, unaweza hata kuanza kabla haijatimia.

Na kama kawaida, PIN ni yako peke yako. Hakuna mfanyakazi wetu, wala fundi, wala mtu wa kifurushi, anayehitaji kuijua.

Siku ya kuchukua kiti

Kabla ya kutuma ile 4,000 ya mwisho, fanya ukaguzi mfupi ukiwa hapo hapo. Kiti kinafunga kwa mlio wake wa kawaida? Raba za chini zimerudi zote? Mshono umenyooka kushoto na kulia? Pitisha mkono chini: hakuna stepla iliyotokeza? Kitambaa kimevutwa sawa, au kuna mikunjo itakayokusanya maji? Mwaga kikombe cha maji juu, subiri dakika chache, uone yanateremka au yanatuama.

Kama kuna kitu kidogo, kirekebishwe hapo. Kama kila kitu kiko sawa, lipa papo hapo, usimzungushe fundi na "nitatuma jioni." Yeye amefuata makubaliano hatua kwa hatua, nawe yafuate mpaka mwisho. Fundi aliyelipwa vizuri na kwa wakati ndiye atakayekupokea bila maneno ukirudi baada ya safari ya Moyale ukitaka apunguze kidogo pale kushoto.

Safari njema, na ulipe salama.